Baridi, Bandari na Mume Wangu

Ukimwambia Mbongo mwenzio wa Uingereza kwamba mwezi wa pili unakwenda kupumzika baharini, atakuangalia kama mtu aliyeanza kuugua. Bahari gani mwezi wa pili? Kwetu bahari ni jua, madafu na mihogo ya kuchoma. Huku bahari ya mwezi wa pili ni upepo unaopenya hadi kwenye mifupa, maji ya digrii sita hivi, na jua linalochelewa kufika na kuwahi kuondoka kama kibarua mvivu.

Mwenzenu nimekwenda, nimelala siku tatu, nimerudi mzima. Na leo nina neno na nyie mlio kwenye ndoa zilizochoka. Sizungumzii ndoa zilizovunjika, hizo zina watu wake. Nazungumzia zile zilizochoka tu, ambazo hakuna anayegombana na mwenzie, lakini pia hakuna anayecheka. Kabla hamjaenda kwa mtaalamu, na kabla hamjaanza kupekuliana simu, fikirieni mji mdogo wa bandari katika majira ya baridi, ule wakati ambao kila mwenye akili zake amebaki nyumbani kwake.

Mji nilioenda unaitwa Whitby. Upo kaskazini mashariki mwa Uingereza, katika Yorkshire, pale mto Esk unapomwaga maji yake kwenye Bahari ya Kaskazini. Kiangazi hapapitiki: watoto na aiskrimu, foleni za chipsi, na shakwe waliokubuhu kwa wizi, maana wanakunyang'anya samaki mkononi mchana kweupe. Lakini ikifika baridi wageni wanapungua, nusu ya vibanda vinafungwa, na mji unarudi kwa wenyewe. Hapo ndipo unapokuwa mtamu.

Ndoa ya kupishana mlangoni

Mimi na mume wangu tuna miaka kumi na moja ya ndoa, saba kati ya hiyo tumeiishi Leeds. Kama Wabongo wengi wa huku, tunabeba maboksi. Yeye anabeba maboksi ya kweli, yupo ghalani, zamu ya mchana. Mimi nalea wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Yeye akiingia, mimi natoka. Kitanda chetu hakipoi, lakini hakilali watu wawili. Mazungumzo yetu yakawa ni vikaratasi vilivyobandikwa kwenye friji. "Maziwa yameisha." "Mtoto ana kikohozi, nimempa dawa." "Bili ya umeme imekuja." Ukisoma vile vikaratasi utadhani ni wapangaji wawili wanaoheshimiana.

Hilo tulikuwa tumelizoea. Kilicholeta baridi ya kweli ndani ya nyumba kilikuja mwezi wa tisa. Mama mkwe wangu alifariki, kwao Pangani. Pasi zetu wakati huo zilikuwa ofisini, tumeomba viza upya, na sheria ya huku ni kwamba ukitoka nje ya nchi kabla ya majibu, maombi yako yamekufa na pesa yako imekwenda na maji. Tulipiga simu, tukaandika barua pepe, tukaambatanisha hati ya kifo. Tukajibiwa tusubiri. Mama wa watu akazikwa kesho yake, na mwanawe wa kiume wa pekee yupo Leeds anaangalia simu.

Siku ya tatu mume wangu akarudi kazini. Sikumwona akilia. Akaomba zamu za ziada. Akawa anarudi saa moja au saa moja na nusu baada ya muda wake wa kawaida, na ukimuuliza anasema ni foleni. Simu yake akawa anailaza kifudifudi mezani. Nikiweka chakula anakula, nikimsemesha anajibu, lakini ni majibu ya karani wa benki.

Nina shosti yangu mmoja pale Leeds, tunasukana nywele na kupeana siri. Nilipomsimulia, hakuchelewa kutoa hukumu. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwenzangu. Mwanaume anayechelewa kurudi na anayefunika simu huyo keshapata nyumba ndogo. Wewe kaa tu ulee wazee wa watu."

Sikumwamini, wala sikumkatalia. Lile neno nililiweka tu kifuani, likakaa. Mwezi wa kwanza viza zikatoka, pasi zikarudi. Nikategemea atakata tiketi siku hiyohiyo. Wapi! Pasi akaitupia kwenye droo ya soksi, kimya. Hapo nikasema hapana, mimi na huyu bwana lazima tukae mahali ambapo hakuna ghala, hakuna wazee, na hakuna friji la kubandika vikaratasi.

Basi na mimi nikapanga nyumba ndogo. Ndiyo, nyumba ndogo kwelikweli: ya mawe, chumba kimoja juu, jiko na sebule chini, kwenye uchochoro wa upande wa mashariki wa Whitby. Pauni 60 kwa usiku, katikati ya wiki. Nilipoulizia bei ya mwezi wa nane niliambiwa karibu mara mbili. Mtoto tukampeleka kwa mama yake mdogo, Bradford.

Mto katikati

Tulipanda treni kutoka Leeds hadi Middlesbrough, kisha tukabadilisha na kuingia ile ndogo inayofuata bonde la mto Esk. Ni safari ya saa moja na nusu hivi, inakwenda taratibu, inapinda na mto, inasimama kwenye vistesheni vya kijijini ambavyo hashuki mtu. Kondoo upande huu, madaraja ya mawe upande ule. Mume wangu alilala. Mimi niliangalia dirishani na kujiuliza maneno nitakayoanza nayo.

Reli inaishia bandarini kabisa. Ukitoka stesheni pua inapokea kila kitu kwa mpigo: chumvi, dizeli, kamba zilizoloa, samaki. Nikamwona mume wangu amesimama, begi mkononi, anavuta pumzi. Mara akasema, bila kuniangalia, "Kama kwetu."

Nilidhani anatania, maana ilikuwa digrii nne na mvua nyembamba inatupiga usoni. Lakini alikuwa anaangalia mto. Whitby imekatwa na mto vipande viwili, mashariki na magharibi, na mdomo wa mto ndiyo bandari. Pangani nayo iko hivyohivyo, mji upande mmoja na Bweni upande wa pili, mto katikati unaingia baharini. Tofauti ni kwamba yeye utoto wake ulikuwa wa kuvuka kwa pantoni, na hawa wa Whitby wana daraja la chuma linalojigeuza pembeni kupisha vyombo wakati maji yamejaa. Lina zaidi ya miaka mia moja na bado linafanya kazi. Tulisimama pale dakika ishirini kulingoja lifunguke, na dau moja la uvuvi likapita. Moja tu! Watu wakasubiri kwa adabu pande zote mbili, kisha daraja likafungwa na kila mtu akaendelea na safari yake.

Kwenye gati kulikuwa na madema. Yamepangwa moja juu ya jingine, mamia, ya kutegea kamba-mkubwa na kaa. Ya kwetu yanasukwa kwa miti, ya hawa ni ya vyuma na nyavu za nailoni, lakini mume wangu aliinama akachunguza mdomo wa dema moja, akashika mafundo kwa vidole. "Werevu ni uleule," akaniambia. "Mlango mpana kuingia, mwembamba kutoka. Samaki anaingia mwenyewe." Hiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu mwezi wa tisa. Nikanyamaza nisije nikaiharibu.

Giza la saa kumi na moja

Sasa niwape siri ya kwanza ya baridi. Katikati ya mwezi wa pili, jua la Whitby linazama baada tu ya saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili ni usiku wa manane. Maduka ya vito yamefungwa, mikahawa mingi imefungwa, upepo unapiga mluzi kwenye vichochoro. Hamna pa kwenda. Ukiwa mpenda kujirusha utalia. Lakini kwa mke na mume ambao hawajakaa meza moja kwa miezi, hamna pa kwenda ndiyo dawa yenyewe. Mnawasha hita, mnakaa. Mtaangaliana tu, mtake msitake.

Siri ya pili ni jiko. Usikubali kupanga mahali pasipo na jiko. Whitby ni mji wa samaki na chipsi, wanakuja watu kutoka mbali kuzila, lakini Yorkshire maduka mengi yanakaangia mafuta ya ng'ombe. Kwa sisi tunaoangalia halali, ni lazima uulize kwanza. Yapo yanayotumia mafuta ya mimea, na watu hawakasiriki ukiuliza. Sisi tulinunua samaki mbichi, yule anayeitwa haddock, nyama yake nyeupe inayochambuka vizuri. Nilikuwa nimetoka Leeds na kopo mbili za tui, ndimu, pilipili na mchele. Usiku ule wa kwanza tulikula samaki wa Bahari ya Kaskazini kwa tui la nazi. Mume wangu alikomba sahani. Hakusema kitu, lakini aliosha vyombo mwenyewe, na mimi nikaketi kwenye kiti cha dirishani nikaangalia taa za bandari zinavyotetemeka majini. Kuna minara miwili midogo ya taa pale kwenye mikono ya gati, kila mmoja upande wake. Nikasema moyoni, haya, na sisi ni hivyo. Tunaonana, lakini kuna maji katikati.

Ngazi 199

Asubuhi ya pili jua lilitoka. Si jua la joto, lakini ni jua, na nyie mlioishi huku mnajua thamani yake. Tukaamua kupanda juu.

Upande wa mashariki wa Whitby kuna kilima, na juu yake kuna kanisa la kale la Mtakatifu Mariamu, na nyuma yake magofu ya abasia. Hapo mahali watu wa dini wamekaa tangu mwaka 657, alipoanzisha makao hayo mama mmoja aliyeitwa Hild, akawa mkuu wa wanawake na wanaume pia. Magofu yanayoonekana sasa ni ya karne za baadaye, yaliyoachwa tangu mwaka 1539 Mfalme Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa. Kufika huko unapanda ngazi 199 za mawe. Watalii wanapenda kuzihesabu, na kila mmoja anapata hesabu yake.

Wengi wanazipanda kwa sababu ya Dracula. Mwandishi Bram Stoker alikuja kupumzika Whitby mwaka 1890, na kitabu chake kilipotoka mwaka 1897, mji huu ukawa ndani yake: jini la kunyonya damu linatua pale bandarini kwa meli, linajigeuza mbwa mkubwa, linakimbilia juu ya kilima. Hadi leo kuna watu wanakuja wamevaa nyeusi tupu kwa ajili hiyo. Mimi nilimsimulia mume wangu, akasema, "Sasa jini lenye akili litakuja kwenye baridi hii kufanya nini?" Akacheka. Jamani, alicheka! Nikazidi kupanda, pumzi zinakata, moyo mwepesi.

Katikati ya zile ngazi kuna mahali pa kupumzikia, na mabenchi. Tukaketi. Chini yetu mapaa mekundu, mto, daraja, upande wa pili sanamu ya Kapteni James Cook, aliyekuja mji huu mwaka 1746 kijana mdogo kujifunza ubaharia, na karibu yake ule upinde maarufu wa mifupa ya taya la nyangumi. Kwenye ile nyumba tuliyopanga kulikuwa na kijitabu cha mambo ya mji, na mimi usiku nilikuwa nimekisoma chote. Nikamwambia nilichosoma, nikidhani ni kisa cha kuvutia tu. Zamani watu wa Whitby walizika juu kule kanisani. Wakabeba majeneza kwa mabega, ngazi zote hizi. Hapa tulipoketi palitengenezwa ili wabebaji wapate kulitua jeneza, wapumzike, waendelee.

Mume wangu akawa kimya. Nikasema basi, tumerudi kulekule. Baadaye akauliza, "Walikuwa wanabeba watu wangapi?"

Nikamwambia sijui, labda sita.

"Mama walimbeba watoto wa jirani," akasema. "Na wajomba. Mimi sikumbeba. Hata ningepanda ndege usiku uleule nisingewahi, najua. Lakini hata matanga? Hata kukaa kwenye mkeka, mtu akaja akanipa mkono?"

Halafu yakatoka, bila mimi kuuliza chochote. Kwamba ile saa moja anayochelewa kurudi, hana foleni yoyote. Anaegesha gari mtaa wa nyuma ya nyumba yetu, anazima injini, anasikiliza sauti za mama yake. Mama mkwe hakuwa mtu wa kuandika, kila kitu alikuwa anamrekodia WhatsApp. Miaka na miaka ya sauti. Anasikiliza moja, mbili, kisha anajifuta uso, anaingia ndani. Simu anailaza kifudifudi kwa sababu picha ya mama ipo kwenye kioo, na hakutaka kuiona wakati anakula mbele ya mtoto. Na pasi? "Nikifika Pangani itakuwa kweli," akasema. "Hapa Leeds bado yupo kwenye simu."

Akalia. Mtu mzima, kwenye ngazi za watu, mbele ya bahari. Mimi nikatia mkono wangu ndani ya mfuko wa koti lake nikaushika wake. Akapita mzee mmoja wa Kizungu na mbwa wake, akatuona, akagusa kofia yake kidogo, akatusalimu na kuendelea kupanda. Hakuuliza, wala hakuharakisha. Nadhani mji kama ule unajua mambo hayo.

Mji unaojua kungoja

Na kweli unajua. Tuliporudi chini nikaanza kuyaona yale niliyokuwa nimeyapita. Tarehe 9 Februari 1861 kulikuwa na dhoruba, meli zinapigwa ufukweni moja baada ya nyingine. Wavuvi wa Whitby walitoka na mashua yao ya uokoaji, wakaokoa mabaharia wa meli kadhaa siku hiyohiyo. Walipotoka tena, mashua ikapinduka mbele ya macho ya wake zao waliosimama kwenye gati. Walikuwa kumi na watatu, wakafa kumi na wawili. Aliyebaki, Henry Freeman, ndiye peke yake aliyekuwa amevaa jaketi jipya la kujiokolea, lililotengenezwa kwa magome mepesi ya kuelea. Mjini bado wanasimulia kisa hicho, na waokoaji wa kujitolea bado wapo.

Mwishoni mwa mwaka huohuo mume wa Malkia Victoria, Prince Albert, akafariki. Malkia akavaa nyeusi hadi alipokufa mwenyewe mwaka 1901, na nchi nzima ikamfuata kwa kuvaa vito vyeusi. Vito hivyo vilichongwa hapa Whitby, kwa jiwe linaloitwa jet. Ukilishika si zito kama jiwe, wala si baridi, maana asili yake ni mti: miti iliyozama na kugandamizwa miaka kama milioni 180 iliyopita, ikawa nyeusi tii. Bado yapo maduka yanayolichonga. Tuliingia moja lililokuwa wazi, mimi nikavutiwa na hereni ndogo. Muuzaji akatueleza kwamba zamani hiki kilikuwa kito cha wafiwa. Mume wangu akaniangalia, akatoa pochi. "Basi zinatufaa," akasema. Kwetu mfiwa ana siku zake za kukaa ndani, ana watu wa kumzunguka, ana uji unaopikwa na majirani. Ughaibuni mtu unafiwa leo, keshokutwa upo kwenye zamu. Wenzetu hawa walau walikuwa na hereni.

Usiku ule, giza la saa kumi na moja liliposhuka, sikumwachia akaoshe vyombo. Nilitandika shuka chini karibu na hita, kwa kuwa mkeka hatukuwa nao. Tukamsomea mama Yasini. Kisha akaweka simu katikati yetu, safari hii ikiangalia juu, akafungulia zile sauti.

Sauti ya mama mkwe ikajaa ile nyumba ya mawe. Analalamika bei ya nazi. Anauliza mjukuu wake ameota meno. Anasema mvua imenyesha, paa linavuja pale pembeni, lakini usitume pesa, mwanangu, kula kwanza. Nyingine haina maneno, amebonyeza kwa bahati mbaya, unasikia kuku na mtu anapiga chafya. Hiyo ndiyo iliyotuchekesha hadi machozi, tukairudia mara nne. Halafu akaanza kunisimulia mambo ambayo kwa miaka kumi na moja sikuwahi kuyasikia. Jinsi mama yake alivyokuwa anakaa mdomoni mwa mto kungoja ngalawa ya baba yao, na jinsi alivyoweza kuitambua tanga lake kati ya matanga ya wengine, mbali kabisa, kabla watoto hawajaona kitu. Tuliongea hadi saa nane usiku. Hakuna aliyekuwa na zamu.

Shosti yangu alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na methali haikukosea. Ila mshindo si lazima uwe wa mwanamke mwingine. Wakati mwingine ni msiba ambao haukukaliwa matanga, unazunguka ndani ya mtu unatafuta mkeka. Na mtu hawezi kuutandika mkeka huo kati ya zamu mbili. Anahitaji usiku mrefu na mtu wa kukaa naye. Majira ya baridi yana usiku mrefu wa kutosha, bure kabisa.

Ukitaka kujaribu

Si lazima iwe Whitby. Miji midogo ya bandari ipo kila pwani, hata nyie mlioko Bongo mnayo ya kwenu na kipupwe chake. Lakini kama upo huku, nenda katikati ya wiki, bei inashuka sana. Angalia mapema siku ambazo vivutio vinafunguliwa, maana baridi abasia haifunguliwi kila siku kama kiangazi. Chukua mabuti yasiyoteleza, koti la kuzuia upepo, na viungo vyako vya jikoni. Ukitaka kutembea ufukweni chini ya majabali, angalia kwanza saa za maji kujaa na kupwa, hasa siku za bamvua, kwa sababu maji ya huko yanapanda haraka na kukufungia njia. Hapo mume wangu ndiye aliyekuwa kiongozi wangu, mtoto wa pwani ni mtoto wa pwani.

Na usipange ratiba. Usiende na orodha ya maswali ya kumbana mwenzio. Mimi nilikuwa na swali langu moja begini, tena kali, na sikuwahi kulitoa. Nendeni tu mkakae pamoja. Mkae hadi mchoke kunyamaza.

Sitawadanganya kwamba tumerudi tumekuwa vijana wa fungate. Zamu zetu ni zilezile, vikaratasi vya friji vipo. Siku nyingine bado anaegesha gari mtaa wa nyuma, na mimi nikiliona kupitia dirishani naweka chai jikoni nasubiri. Wakati mwingine navaa koti naenda kukaa naye, tunasikiliza wawili. Pasi zimetoka kwenye droo ya soksi. Tumekata tiketi tatu za mwezi wa saba, Pangani ikiwa kwenye kipupwe. Anataka mwanetu avuke mto hadi Bweni, na anataka yeye mwenyewe akae mkekani, wamjie wampe mkono.

Shosti yangu naye hakuvumilia. Nilipofika tu akanipigia, "Haya niambie, hiyo nyumba ndogo umeiona?"

"Nimeiona," nikamwambia. "Ya mawe, ina dirisha linaloangalia bandari. Pauni sitini kwa usiku. Nikupe namba, umpeleke na wako?"

Akacheka weee, halafu akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Hebu nitumie."